Gaza Ilipoingia Kwenye Kura ya Michigan

Karatasi waliyopewa wapiga kura wa chama cha Democratic wa jimbo la Michigan kwenye kura za mchujo za tarehe 27 Februari 2024 ilikuwa na majina matatu ya watu wanaotaka kugombea urais: Rais Joe Biden, Dean Phillips na Marianne Williamson. Palikuwa pia na mstari mmoja usio na jina la mtu. Aliyepaka wino kwenye kiduara cha mstari huo alikuwa anakiambia chama: nimekuja, nimepanga foleni, mimi ni wenu, lakini sifungamani na yeyote kati ya hawa.

Mstari huo haukubuniwa kwa ajili ya Gaza. Ulikuwepo kwenye chaguzi zilizopita na watu wengi waliupita bila hata kuutazama. Safari hii vijana, wanawake na wazee wa misikitini waligonga milango, wakapiga simu na kutuma ujumbe wakiomba watu wauchague. Kampeni iliongozwa na Layla Elabed, mdogo wake mbunge Rashida Tlaib. Walitangaza kwamba wakipata kura 10,000 watahesabu wamefanikiwa, kwa sababu mwaka 2016 Donald Trump aliichukua Michigan kwa tofauti ya kura 10,704 tu. Kura zilipohesabiwa zilipita 101,000, zaidi ya asilimia 13 ya zote zilizopigwa.

Nimefuatilia chaguzi za nchi mbalimbali kwa muda mrefu, na ni mara chache nimeona hasira ikipangwa kwa nidhamu kama ile. Hakuna aliyesusa wala kuharibu karatasi. Walitumia mlango ambao chama chenyewe kimeuacha wazi, wakasema neno moja, wakalisema mapema, miezi minane na ushee kabla ya siku yenyewe ya kumchagua rais. Muda wa kusikilizwa ulikuwepo.

Moyo wa kampeni hiyo ulikuwa Dearborn, mji wa watu wapatao 110,000 unaopakana na Detroit. Yapo hapo makao makuu ya kampuni ya magari ya Ford, na ajira za kiwanda cha River Rouge ndizo zilizowavuta Waarabu wa mwanzo karibu karne moja iliyopita. Baadaye kila vita vya Mashariki ya Kati vilileta watu wapya: kutoka kusini mwa Lebanon, kutoka Yemen, Iraq na Palestina. Leo zaidi ya nusu ya wakazi wana asili ya Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini. Meya Abdullah Hammoud, aliyechaguliwa mwaka 2021, ni Mwarabu wa kwanza kushika nafasi hiyo. Januari 2024 meneja wa kampeni ya Biden alipokwenda kutafuta mazungumzo, Hammoud alikataa kuonana naye. Alitaka kuzungumza na watunga sera, na waomba kura hakuwa na la kuwaambia wakati watu wa mji wake wanahesabu ndugu waliofukiwa na vifusi.

Tunaviita vita vya nje, na kwa ramani ni kweli. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas waliingia Israel, wakaua watu wapatao 1,200 na kuteka 251. Israel ikajibu kwa vita ambavyo hadi uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2024 vilikuwa vimeua zaidi ya watu 43,000 kwa hesabu ya wizara ya afya ya Gaza. Lakini mabomu mengi yaliyotumika yalitoka Marekani. Kwa mkataba uliofikiwa wakati wa Barack Obama, Israel hupewa dola bilioni 3.8 za msaada wa kijeshi kila mwaka, na baada ya Oktoba 2023 kiasi kilipanda mbali zaidi ya hapo. Mtu wa Dearborn anayekatwa kodi kwenye mshahara wake hawezi kuambiwa kwamba jambo hilo halimhusu. Septemba 2024, ndege za Israel zilipoanza kuvishambulia kwa nguvu vijiji vya kusini mwa Lebanon, kodi ile ilikuwa inawafuata mama zake na shangazi zake.

Julai 21 Biden alijitoa kugombea. Makamu wake, Kamala Harris, akashika nafasi, na kwa wiki chache watu wengi walipumua. Wale wa kura ya Februari walikuwa wamepata wajumbe 30 kutoka majimbo mbalimbali, kundi kubwa zaidi likitoka Minnesota, jimbo ambalo asilimia 19 hivi ya waliopiga kura za mchujo walifuata njia ya Michigan. Wakaenda nao kwenye mkutano mkuu wa chama, Chicago, mwezi Agosti. Madai yao makubwa yalikuwa kusitishwa kwa silaha zinazopelekwa Israel. Walipoona hayatakubaliwa, waliomba jambo dogo kabisa: Mpalestina mmoja apewe dakika chache jukwaani.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini ndipo mambo yalipoharibika. Msemaji waliyempendekeza alikuwa Ruwa Romman, mwakilishi katika bunge la jimbo la Georgia, Mpalestina na mwanachama wa Democratic. Hotuba aliyoiandaa ilizungumzia mauaji ya Gaza, ilitaka mateka wa Israel warudi nyumbani, na ilihimiza watu wamchague Harris. Hotuba ya kumpigia debe mgombea. Tarehe 21 Agosti chama kiliwapa jukwaa wazazi wa Hersh Goldberg-Polin, kijana aliyekuwa mateka Gaza. Walizungumza kwa uungwana mkubwa, wakataja pia uchungu wa watu wa Gaza, na ukumbi ulilia. Ilikuwa haki wapewe nafasi ile. Usiku huohuo wajumbe wale waliambiwa kwamba Mpalestina hatapanda jukwaani. Wakatoka nje ya ukumbi wa United Center, wakakaa chini kwenye sakafu ya lami na kulala hapo, beji za ujumbe zikiwa bado shingoni. Wabunge kadhaa walikwenda kukaa nao. Jibu halikubadilika.

Sijawahi kuelewa hesabu iliyofanywa na wakuu wa chama. Dakika tano za mama mmoja wa Georgia anayesema mchagueni Harris zingemgharimu nini Harris? Hatujui zingemwokolea kura ngapi. Tunajua kilichofuata: Septemba 19 kundi la Februari lilitangaza kwamba haliwezi kumwidhinisha Harris, lakini pia likasema linampinga Trump na haliwashauri watu kukipa kura chama cha tatu. Kundi jingine, lililokuwa limeapa kumwadhibu Biden na baadaye Harris, likamwidhinisha Jill Stein wa chama cha Green. Meya wa Hamtramck wakati huo, Amer Ghalib, ambaye mji wake una Wayemeni wengi, akatangaza yuko na Trump. Nyumba moja ikagawanyika vyumba vinne: Harris, Stein, Trump, na wale walioamua kuiacha wazi nafasi ya rais wakapiga kura za chini yake tu.

Ninawajua wanaume wawili wanaoishi Grand Rapids, magharibi mwa jimbo hilohilo, ambako Wakongo ni wengi kiasi kwamba unaweza kununua pondu dukani na kuhudumiwa kwa Kiswahili. Mmoja ametoka Mombasa, mwingine Bukavu. Walifanya kazi zamu ya usiku kwenye ghala moja, wakakopeshana pesa ya pango, watoto wa huyu wakamwita yule baba mdogo. Mwaka 2020 wote walimpa kura Biden. Mwaka 2024 walipitisha miezi bila kupigiana simu.

Wa Mombasa aliniambia maneno aliyomwambia mwenzake siku waliyogombana. "Ndugu yangu, nikisimamishwa kesho mbele ya Mungu nitasema nini? Kodi yangu imenunua bomu. Bomu limeua watoto. Halafu kwa mkono wangu mwenyewe niende nikasaini liendelee?"

Wa Bukavu alikuwa na dada yake kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, na watoto wanne. Faili lao la kuhamishiwa Marekani lilikuwa limepita usaili na walikuwa wanasubiri tarehe. "Nilimwambia, kaka, wewe una dhamiri, mimi nina dada. Trump akiingia, faili linafungwa. Alilipunguza mara ya kwanza, tumeona. Wewe utakaa na dhamiri yako safi, dada yangu atakaa na watoto kwenye turubai." Kisha akaongeza jambo ambalo anasema lilimtoka na hakulipanga: "Na sisi je? Tangu 1996 tunakufa. Ni nani aliwahi kuiacha wazi kura yake kwa ajili ya Kongo?"

Wa Mombasa alikuwa na jibu, na ni jibu la haki. Wanaoua Kongo hawapewi mabilioni ya kila mwaka kutoka kwenye mshahara wake, wanaoua Gaza wanapewa. Mtu huwajibika kwanza kwa kile anachokilipia. Lakini jibu la haki halimlishi dada wa mtu aliye kambini, na yeye mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana alinyamaza.

Nimewasikiliza wote wawili kwa muda mrefu na naona hawakuwa wanabishana juu ya kitu kimoja. Wa Mombasa alikuwa anauliza: je, mimi nimeshiriki? Wa Bukavu alikuwa anauliza: je, ni nani ataumia? Yote mawili ni maswali ya mtu mwenye utu, na yote mawili hujibiwa kwenye kiduara kimoja. Mtu akishajibu la kwake kwa machozi, humwona mwenzake aliyejibu lile lingine kuwa hana roho. Neno "msaliti" lilitumika sana mwaka ule, misikitini, vyuoni, kwenye makundi ya WhatsApp ya jamaa. Sikubaliani nalo hata kidogo.

Wamarekani walishapita njia hii. Machi 1968, vita vya Vietnam vikiwa vimewachosha, Seneta Eugene McCarthy alipata asilimia 42 ya kura za mchujo za New Hampshire dhidi ya rais wa chama chake mwenyewe, Lyndon Johnson. Kabla mwezi haujaisha Johnson akatangaza hagombei tena. Kura ile ilifanya kazi iliyokusudiwa. Kisha ukaja mkutano mkuu, Chicago pia, Agosti pia. Azimio la amani likapigiwa kura likashindwa, polisi wakawapiga vijana mabarabarani, na makamu wa rais Hubert Humphrey akapewa tiketi akiwa amefungwa na vita vya bosi wake. Hadi tarehe 30 Septemba, huko Salt Lake City, ndipo alipothubutu kusema angesimamisha mabomu kaskazini mwa Vietnam. Kura zake zikaanza kupanda. McCarthy alimwidhinisha tarehe 29 Oktoba, bila shauku, wiki moja kabla ya uchaguzi. Richard Nixon alishinda kwa chini ya asilimia moja. Baada ya Nixon kuapishwa, Wamarekani zaidi ya 20,000 walikufa Vietnam, na Wavietnamu na Wakambodia wengi mno kuliko hao.

Kuna waliopinga vita wakati ule ambao hadi uzeeni waliulizana kama walifanya sawa kumnyima Humphrey kura. Binafsi nadhani swali hilo linamwangukia Humphrey kabla halijawaangukia wao. Angeitoa hotuba ya Salt Lake City mwezi mmoja mapema, wapigakura wa amani wangekuwa na mtu wa kumrudia.

Uingereza hali ilikuwa nyepesi zaidi. Julai 2024 ilikuwa wazi kwamba Labour itashinda nchi nzima, kwa hiyo aliyekasirishwa na msimamo wa chama juu ya Gaza angeweza kukiadhibu jimboni kwake bila hofu ya kumkabidhi adui Ikulu. Leicester Kusini, kwenye mji uliojaa familia za Kiasia zilizotoka Uganda, Kenya na Tanzania, mgombea binafsi Shockat Adam alimwangusha Jonathan Ashworth, mtu aliyetarajiwa kuwa waziri, kwa kura 979. Hasira ikapata kiti bungeni. Marekani haina nafasi hiyo kwenye kura ya rais. Jimbo zima la Michigan hutoa wajumbe wake wote wa kumchagua rais, 15 mwaka huo, kwa aliyeongoza hata kwa kura moja. Kinachobaki kinamwagika.

Ndiyo maana nasema kura ya Februari na kura ya Novemba ni vitu viwili, ingawa zote zilipigwa kwa uchungu uleule. Ya Februari ilikuwa na mpokeaji. Chama kingeweza kuisoma, kubadilika, kujibu. Ya Novemba haina sehemu ya kuandika sababu. Karatasi ya aliyempa Stein kwa ajili ya Gaza na ya aliyempa Stein kwa ajili ya hali ya hewa huingia kwenye mashine ileile na kutoka tarakimu. Na aliyempa Trump kura kwa hasira huhesabiwa pamoja na aliyempa kwa mapenzi. Hao waliompa Trump kwa hasira ndio ninaoshindwa kuwatetea. Trump aliuhamishia Yerusalemu ubalozi wa Marekani mwaka 2018, akaitambua Golan kuwa ya Israel mwaka 2019, na wiki yake ya kwanza madarakani, mwaka 2017, alizuia raia wa nchi kadhaa za Kiislamu kuingia Marekani, Yemen ikiwemo. Tarehe 1 Novemba 2024 alikwenda Dearborn, kwenye mgahawa mmoja, akaahidi amani. Harris hakwenda kuhutubia Dearborn. Rais wa zamani Bill Clinton alikwenda Michigan kumpigia debe siku mbili kabla ya Trump, akatoa hotuba iliyoonekana kuhalalisha vifo vya raia wa Gaza. Naelewa jinsi mtu aliyepuuzwa mwaka mzima anavyoweza kumsikiliza yeyote aliyefika mlangoni. Kumwelewa hakunifanyi niseme alichagua vyema.

Matokeo ya Dearborn: Trump asilimia 42, Harris 36, Stein 18. Miaka minne nyuma Biden alikuwa amepata karibu asilimia 69 kwenye mji huohuo. Kabla kura hazijamalizika kuhesabiwa lawama zilishaanza: nyinyi Waarabu ndio mmemleta. Lawama hiyo haina hesabu. Harris alishindwa Michigan kwa kura 80,000 hivi. Kura zote za Stein kwenye jimbo zima hazikufika 45,000, kwa hiyo hata zingehamishwa zote, zisingetosha. Na hata angeichukua Michigan, Trump alikuwa na wajumbe 312. Ukimtoa 15 anabaki na 297, na kinachohitajika ni 270. Pennsylvania na Wisconsin zilikuwa zimekwenda pia, na huko sababu kubwa zilikuwa bei ya chakula na kodi za nyumba.

Lakini hesabu hiyo haimwondolei mtu mzigo wake. Aliyepiga kura kama onyo hawezi kusema "kura yangu ina nguvu" mwezi Oktoba, kisha Januari aseme "haikubadili chochote."

Yaliyofuata kila mmoja aliyasoma kwa miwani yake. Mapigano Gaza yalisitishwa Januari 19, 2025, siku moja kabla ya Trump kuapishwa, na waliompa kura wakasema: mnaona. Februari 4, akiwa na waziri mkuu wa Israel, Benjamin Netanyahu, pembeni, Trump akasema Marekani itaichukua Gaza na Wapalestina wahamishiwe kwingine. Kundi lililojiita la Waarabu wa Marekani kwa Trump likabadili jina. Machi 18 mashambulizi yakarudi, watu zaidi ya 400 wakafa siku moja. Juni mwaka huo Yemen ikawekwa tena kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake hawaingii Marekani, na Somalia, na kwa kiasi fulani Burundi. Usitishaji mwingine wa mapigano ulikuja Oktoba.

Kwa wa Bukavu jibu lilikuja siku ya kwanza kabisa. Mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa kwa amri iliyosainiwa Januari 20. Mwaka uliotangulia Kongo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Dada yake bado yuko Nyarugusu. Mwishoni mwa Januari waasi wa M23 waliingia Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu, mji aliozaliwa. Simu ya kwanza ya pole aliyopokea ilitoka kwa yule wa Mombasa. Waliongea saa nzima, na suala la uchaguzi halikuguswa. Baadaye liliguswa, wakabishana tena, na wanaendelea kubishana. Hakuna aliyebadili msimamo. Wa Mombasa anashikilia kwamba angefanya vilevile.

Nikiulizwa ningefanya nini kwenye chumba kile cha kupigia kura, jibu langu ni kwamba Februari ningepaka wino mstari usio na jina, na Novemba ningempa Harris, kwa moyo mzito, kwa ajili ya watu kama dada wa Nyarugusu. Ningempa bila kusadiki kwamba amenisikia. Na nisingevunja urafiki na aliyeshindwa kufanya hivyo, kwa sababu ndugu zake ndio waliokuwa chini ya vifusi, siyo wangu.

Kuna jambo moja ambalo waliokata tamaa na kura ya Februari wangepaswa kulitazama. Januari 2024, kabla ya kura ile, Seneta Bernie Sanders alipeleka azimio la kuitaka serikali ichunguze matumizi ya silaha za Marekani Gaza. Lilipata kura 11 kati ya maseneta 100. Novemba mwaka huo, maazimio yake ya kuzuia mauzo ya silaha kwa Israel yalipata chini ya 20. Tarehe 30 Julai 2025 alileta jingine, la kuzuia bunduki, na maseneta 27 waliliunga mkono, zaidi ya nusu ya maseneta wote wa upande wa Democratic. Maazimio yote yalishindwa, na sitasema kwamba Dearborn peke yake ndiyo iliyowasogeza. Picha za watoto wenye njaa za mwezi ule zilichangia sana. Seneta mpya wa Michigan, Elissa Slotkin, aliyeshinda Novemba 2024 kwa kura zisizofika 20,000, hakuwepo ukumbini siku hiyo. Kesho yake alitoa taarifa kwamba angekuwepo angepiga kura ya kuzuia silaha za mashambulizi.